Gurudumu Lililoganda Halitaki Hasira



Mwenzetu mmoja wa tawi letu la Molo hana tena vidole viwili vya mkono wa kulia. Havikuliwa na mashine ya kiwandani, wala havikukatwa na panga shambani. Alivipoteza nyumbani kwake, siku ya Jumapili asubuhi, chini ya mwembe, alipokuwa akibadilisha breki za pikapu inayobeba vibarua.

Pikapu hiyo si yake. Jumamosi jioni msimamizi alimwambia, "Breki za nyuma zinalia. Nenda nayo nyumbani ukaitazame, maana Jumatatu watu lazima wafike kazini." Alipewa jeki moja na spana moja. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi aliinua gari, akatoa nati zote za gurudumu la nyuma, lakini gurudumu likakataa kutoka. Alilivuta, likakataa. Alilipiga teke, likakataa. Mwisho alishikwa na hasira, akaingiza mkono mmoja chini ya gurudumu na kwa mkono mwingine akapiga nyundo kwa nguvu zake zote. Gari likatikisika, jeki ikazama katika udongo uliolowa, na gari likaja chini. Mkono wake ulikuwa kati ya rimu na jiwe.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, yeye katikati na mmoja wetu nyuma akimshikilia. Siku ya Jumatatu tulipokwenda kwa mwajiri tulijibiwa kwamba jambo lilitokea nyumbani, tena Jumapili, kwa hiyo haliihusu kazi. Na wengine katika wenzetu, badala ya kuuliza maswali, walitikisa vichwa na kusema, "Ajali haina kinga."

Kamati ya tawi ilikaa ikayazungumza maneno hayo. Tulikubaliana kwamba methali hiyo imekwisha kuwaua wafanyakazi wengi, kwa sababu inamnyamazisha aliyeumia na kumpumzisha aliyemtuma. Ajali hii ilikuwa na kinga. Tena kinga zenyewe zilikuwa za bei ndogo: ubao mmoja, gogo moja, mafuta kidogo, na usiku mmoja wa kusubiri. Basi tulimwomba mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, atufundishe kwa Jumapili mbili. Tunayoandika hapa ni yale aliyotuonyesha, pamoja na yale ambayo sisi wenyewe tumeyajua kwa kuchafua mikono.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Huenda msomaji akauliza: je, chama cha wafanyakazi kimekuwa gereji? Hapana. Lakini tutazame tunavyoishi. Hapa kwetu, kutoka Molo hadi Tororo, na kutoka Malaba hadi Busia, hakuna mfanyakazi asiyetegemea magurudumu. Kibarua wa miwa huenda shambani nyuma ya trekta. Mtu wa kiwanda cha saruji huenda zamu ya usiku kwa baiskeli. Dereva wa lori hulala katika foleni ya mpakani. Hata neno bodaboda lilizaliwa mpakani hapa, miaka ya 1960, pale Busia, vijana walipoanza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda. Leo kazi hiyo imeenea Afrika Mashariki yote kwa pikipiki, na wengi wa wanaoifanya ni watoto wetu, au ni sisi wenyewe baada ya saa za kazi.

Mshahara wetu hauruhusu kila breki ipelekwe gereji. Kwa hiyo tunatengeneza nyumbani. Hatuwezi kuwaambia wanachama waache. Tutakuwa tunasema uongo. Tunachoweza kusema ni namna ya kufanya kazi hiyo bila kuumia, na lini kusema hapana.

LIMEGANDA AU LIMESHIKWA?

Neno la kwanza la yule mzee lilikuwa hili: kabla ya kuinua nyundo, uliza kitu hiki kimezuiwa na nini. Gurudumu linaloganda na gurudumu linaloshikwa ni mambo mawili tofauti, na dawa zake ni mbili.

Gurudumu lililoganda limeunganishwa na kutu. Chuma kikipata maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Pale gurudumu linapokaa juu ya habu nafasi ni nyembamba kama unyoya. Kutu ikizaliwa humo haina pa kwenda, inajibana kama kabari. Ndivyo inavyokuwa pia ndani ya nati. Na rimu za aluminiamu zikikaa juu ya habu ya chuma hukamatana zaidi, kwa kuwa metali hizo mbili zikilowa pamoja huliana.

Gurudumu lililoshikwa ni jambo jingine. Labda hendibreki imevutwa. Labda gari limesimama siku nyingi baada ya mvua, na viatu vya breki vimenata ndani ya ngoma. Labda ngoma imelika katikati ikabaki na ukingo kwa nje, na viatu vimekwama nyuma ya ukingo huo. Katika malori yenye breki za upepo, labda upepo umekwisha. Breki hizo za nyuma hufungwa na springi kubwa na hufunguliwa na upepo. Upepo ukivuja usiku, asubuhi gurudumu halizunguki hata kama ni jipya. Wako watu waliopiga nyundo nusu siku, kumbe lori lilitaka injini iwashwe matangi yajae tu.

KABLA YA KUGUSA SPANA

Gari liwe mahali tambarare na pagumu. Kama hapana saruji, weka ubao mpana chini ya jeki, kwa maana jeki ina mguu mdogo na udongo wetu ukilowa ni kama uji. Weka mawe au kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Ukitengeneza breki za nyuma utaachia hendibreki, basi kabari ndizo zitakazolishika gari.

Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Nusu mzunguko kila moja yatosha. Ukianza kupambana na nati gari likiwa juu, nguvu zako zote zinakwenda kulisukuma gari litoke kwenye jeki.

Gari likiisha kuinuliwa, liweke juu ya nguzo za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama huna, tumia magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana. Usitumie tofali wala bloku la saruji: hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Kisha gurudumu la akiba lilaze chini ya ubavu wa gari. Likianguka, litaangukia gurudumu, halitamwangukia mtu. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Maneno hayo tumeyaandika kwa chaki kwenye mlango wa ofisi ya tawi.

NATI INAYOKATAA

Sugua kwanza nyuzi za bolti kwa burashi ya waya. Udongo na kutu vilivyo mbele ya nati vitaingia ndani yake unapoifungua, na itakwama katikati ya njia. Kisha tia mafuta. Yale ya kopo yaliyotengenezwa kwa kupenya kutu ni bora. Kama hayapo, mafuta ya taa au dizeli husaidia. Gonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo mara kadhaa ili mafuta yaingie. Kisha uondoke. Ndiyo, uondoke, ukale, ukalale. Tia tena usiku na tia tena asubuhi. Bandu bandu huisha gogo.

Tumia soketi ya pembe 6. Ile ya pembe 12 hukamata ncha tu, na ikiteleza hula kichwa cha nati kikawa mviringo. Spana iliyopanuka itupwe. Ukivuta, ivute kuelekea kwako huku umesimama imara. Ukiisukuma na nati ikaachia ghafla, vifundo vya mkono wako vitagonga chuma.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawaamini: kabla ya kuifungua, ikaze kidogo. Kidogo tu, mpaka usikie imelia. Mlio huo ni kutu inayovunjika. Baada ya hapo ifungue nusu mzunguko, irudishe robo, itie mafuta, ifungue tena. Ukiivuta upande mmoja tu kwa nguvu, kutu inajilundika mbele yake na bolti inakatika.

Tuzungumze pia habari ya paipu. Gari dogo la kawaida linataka nati ikazwe kwa karibu nyutoni-mita 100. Hiyo ni sawa na mzigo wa kilo 20 ukining'inia mwisho wa spana ya nusu mita. Sasa mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa paipu ya mita 1 anatia karibu mara 7 ya nguvu hiyo. Bolti ikikatika asiseme ni bovu. Paipu yafaa kwa kuvuta polepole na kwa uzito unaoongezeka kidogo kidogo. Haifai kwa kurukia.

Na jihadhari na nyuzi za kinyume. Katika malori mengi ya zamani ya Kiingereza na ya Kijapani, nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia. Tafuta herufi L mwisho wa bolti. Tumewahi kuona vijana wawili wakikaza kwa saa nzima wakidhani wanafungua.

MOTO

Mafundi hupenda moto, na ni kweli kwamba nati ikipashwa hutanuka na kuachia. Lakini moto una mipaka mitatu.

Kwanza, usichome rimu wala nati za gurudumu tairi likiwa limevaliwa. Moto wa nje huupasha mpira kwa ndani, nao hutoa gesi inayowaka. Tairi hulipuka kama bomu, na huweza kulipuka hata baada ya moto kuondolewa. Watu wamekufa kwa jambo hili katika nchi nyingi. Pili, usilete moto karibu na mafuta ya breki, mipira ya silinda, wala mahali ulipomwaga mafuta ya taa. Tatu, usichome habu, maana girisi ya beringi itayeyuka na beringi itaharibika. Kama nati imeshindikana bila moto, na tairi lipo mahali pake, hapo ndipo kazi ya nyumbani inapokoma.

GURUDUMU LENYEWE

Nati zimetoka lakini gurudumu halitoki. Hapa ndipo mwenzetu alipoumia. Dawa yake ni nyepesi kiasi cha kuaibisha.

Rudisha nati zote kwa vidole, kisha ziache wazi kama mizunguko 2. Shusha gari chini. Wenzako walisukume mbele na nyuma, au liyumbishwe kwa ubavu. Uzito wa gari wenyewe utalivunja lile kutu, na nati zitalizuia gurudumu lisitoke. Likikataa bado, dereva aliendeshe mita 2 au 3 kwa mwendo wa kutambaa na kukanyaga breki. Mita 2 au 3 tu, mahali pasipo na mtu. Utasikia mlio mkubwa, ndio huo.

Ukilazimika kupiga, gari liwe juu ya nguzo na si juu ya jeki, nati ziwe bado mahali pake, na upige ukuta wa tairi kwa gogo au nyundo ya mpira, juu, kisha chini, kisha pembeni, ukilizungusha. Usipige rimu kwa chuma. Na mkono wala mguu wa mtu usiwe chini ya gurudumu kwa sababu yoyote.

NGOMA NA VUMBI LAKE

Ngoma ikishika, kwanza hakikisha hendibreki imeachiwa. Pili, tafuta tundu dogo nyuma ya sahani ya breki au usoni pa ngoma, uingize bisibisi na kurudisha nyuma jino la kurekebishia, ili viatu vijikunje na kuupita ule ukingo. Tatu, tazama usoni pa ngoma kama kuna matundu mawili yenye nyuzi. Magari mengi ya Kijapani yanayo. Si ya mapambo. Tia bolti mbili zinazolingana nayo, ukaze hii kidogo na ile kidogo kwa zamu, na ngoma itasukumwa nje yenyewe. Kama hayapo, gonga uso wa ngoma kati ya bolti za gurudumu, ukiizungusha. Usigonge ukingo wa nje, maana ngoma ni chuma cha kuyeyushwa na hupasuka.

Ngoma ikitoka, utaona vumbi jeusi. Wengi wetu hulipuliza kwa mdomo, au kwa upepo wa kompresa. Ndugu, acheni. Kwa miaka mingi breki zilitengenezwa kwa asbesto, na vipuri vya zamani au visivyojulikana vilikotoka huweza kuwa nayo hata sasa. Nyuzi za asbesto hazionekani kwa macho, zikiingia mapafuni hazitoki, na maradhi yake, pamoja na saratani, hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999. Sisi wa Tororo hatupaswi kuambiwa habari hii na wageni, kwa kuwa mabati ya asbesto yaliwahi kutengenezwa mjini humu na bado yapo juu ya nyumba nyingi. Lowesha vumbi kwa maji yenye sabuni, ulifute kwa kitambaa kibichi, utie kitambaa hicho katika mfuko na kuufunga. Watoto wakae mbali, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

Mafuta ya kupenya kutu yasiguse viatu vya breki. Yakigusa, kiatu hicho hakifai tena, hata ukikisugua kwa msasa, na hubadilishwa pande zote mbili. Na mtu asikanyage breki ngoma ikiwa nje: pistoni za silinda zitaruka na mafuta yatamwagika. Mafuta ya breki yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake. Ukiweka mafuta ya injini, mipira yote itavimba na utabaki bila breki.

BAISKELI NA PIKIPIKI

Wenye baiskeli wasidhani wamesahauliwa. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: weka spana ikitazama juu, kisha isukume kuelekea nyuma ya baiskeli. Zote mbili, kulia na kushoto, hufunguka hivyo.

Pini ya mkono wa pedali ikiganda, usitoe nati yake kabisa. Ilegeze mpaka iwe sawa na mwisho wa pini, ili nyuzi zisipondwe. Weka kipande cha chuma kizito chini ya mkono wa pedali, karibu na pini, ndipo upige pigo moja la uhakika. Mapigo madogo kumi huipinda. Pigo moja lililotegemezwa vizuri huitoa.

Kwa pikipiki zenye breki za ngoma, kama zile nyingi zinazobeba abiria hapa, tatizo kubwa ni kile kijiti kinachozungushwa na mkono wa breki ili kutanua viatu. Hushika kutu, breki ikikanyagwa hairudi, gurudumu huwa zito na ngoma huchemka. Wengi hulegeza waya na kuendelea na safari. Hiyo ni kuficha ugonjwa. Kitoe, kisugue kwa msasa mwembamba, kipake girisi kidogo sana, kisha ukirudishe.

KURUDISHA

Kazi haijaisha gurudumu likitoka. Sugua kutu yote usoni pa habu na nyuma ya rimu. Paka girisi nyembamba mahali hapo panapokutana, ili kazi ya kesho iwe nyepesi, lakini nyuzi za bolti na viatu vya breki visiguswe nayo. Kaza nati kwa kuvukana, kama unavyochora nyota, si kwa kuzunguka. Maliza kukaza gari likiwa chini. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka, mpaka pedali iwe ngumu. Jaribu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Na baada ya kilomita 50 hadi 100, simama ukaze tena.

PALE TUNAPOSEMA HAPANA

Iko kazi ambayo mtu hafanyi nyumbani hata kama ana mkono wa fundi. Ile chemba ya springi katika breki za malori ndiyo ya kwanza. Springi iliyo ndani imebanwa kwa nguvu inayoweza kumuua mtu ikiachiwa. Isifunguliwe, isikatwe, isichomwe. Ipelekwe gereji yenye vifaa.

Na kazi ya pili ni gari la mwajiri.

Hapa ndipo tunarudi kwa mwenzetu. Kutengeneza baiskeli yako Jumapili ni jambo lako. Kutengeneza pikapu ya mwajiri, kwa amri ya msimamizi, ili vibarua wafike shambani Jumatatu, hiyo ni kazi, hata kama umeifanya chini ya mwembe wako. Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ina sheria zake mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini na nyingine ya mafao ya majeruhi kazini. Katika nchi zote mbili fidia hufuata jeraha lililotokana na kazi, na mwajiri ana wajibu wa kuweka vifaa na mahali pa kazi katika hali ya usalama. Kwa hiyo swali si kwamba ilikuwa siku gani. Swali ni nani alimtuma, na kwa faida ya nani.

Lakini swali hilo lahitaji ushahidi. Mwenzetu aliambiwa kwa mdomo. Bahati yake ni kwamba wawili katika sisi tulikuwapo Jumamosi jioni tukasikia, nasi tumeandika tulivyosikia na kutia sahihi. Dai lake sasa lipo mbele ya afisa wa kazi wa wilaya, na tawi halitaliacha.

Kwa hiyo kamati imekubaliana, na yafaa kila tawi lifikirie vivyo hivyo. Ukiambiwa upeleke gari la mwajiri nyumbani, omba agizo hilo kwa maandishi. Ukinyimwa maandishi, mjulishe mjumbe wako siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi. Uliza nguzo za kuwekea gari ziko wapi. Kama hazipo, gari libaki hapo lilipo. Na ukiumia, hata kidogo, toa habari mapema na kwa maandishi, na utunze kila karatasi ya hospitali.

Tawi limechanga likanunua nguzo 4 za chuma, burashi 2 za waya na seti moja ya soketi za pembe 6. Vinakaa ofisini. Mwanachama yeyote aweza kuviazima kwa kuandika jina lake katika daftari. Aliyepewa kazi ya kulitunza daftari hilo ni yule mwenzetu mwenyewe. Anaandika kwa mkono wa kushoto sasa, polepole, na kila anayekuja kuazima nguzo humwuliza kwanza: "Ubao wa kuweka chini ya jeki unao?"

Umoja ni nguvu.